Mshika Saa

Mimi ndiye niliyeshika saa.
Nawaambia mapema, msije mkanidhania hakimu.
Ukumbi wa mazoezi wa shule, Novemba,
viti mia tatu vya chuma na watu mia nne.
Chini ya goli la kikapu, afisa kutoka Sakramento
amekunja mikono ya shati, anakunywa maji ya chupa.
Kila msemaji dakika tatu: taa ya kijani, ya manjano, nyekundu,
kisha kengele. Kengele ni yangu.

Verle Haskamp akatangulia, mfugaji, kofia mkononi.
Kisima chake kimeshuka futi arobaini tangu ukame;
hoteli ya vyumba mia mbili itaoga kwa maji gani?
Barabara ni ya njia mbili, akasema,
na basi la shule husimama kwenye kona ya shamba la lozi,
palepale alipogongwa binti wa kina Orsini.
Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa kidole kimoja, mezani.
Mume wangu aliacha mishahara ya miezi mitano
kwenye mashine za Reno, zile zenye picha za cheri.
Bango jekundu la HAPANA lipo uani kwangu.
Nililipigilia mwenyewe, misumari minne.

Wengine wakaja na hesabu: kodi itakayopotea,
maana ardhi ikishaingia amana ya serikali kuu
mkono wa wilaya hauifikii tena.
Mmoja akaja na Biblia. Mmoja akaja na hasira tu,
akasema "watu wale" mara tisa. Nilihesabu;
sina kazi nyingine zaidi ya kuhesabu.

Kijana wa kabila lenyewe, Tobin, fulana ya zimamoto,
akasema hata yeye kasino haitaki,
anataka zahanati, na nyumba isiyo na magurudumu,
"lakini zahanati," akasema, "haina mkopeshaji."
Akaketi. Dakika moja na nusu hakuzitumia.

Ndipo akainuka Ardith Feliz,
aliyetupikia shuleni humu miaka thelathini.
Hakuwa na karatasi. Alisema polepole:

    Kiwanja twakilipia
    pale mlipotwibia,
    risiti twashikilia,
    ni ekari themanini.

    Leo sheria yasema
    tuwape tena kwa wema,
    mtushikie salama,
    ni amana, mkononi.

    Nami nauliza neno,
    wala si la mabishano:
    aliyevunja agano
    huaminiwa na na—

Nyekundu. Nikabonyeza.
Sikuwa na nia mbaya; sikuwa na nia yoyote.
Kidole kilikuwa kimeshazoea.
Akanitazama kama alivyonitazama zamani
nikirudisha sinia na maharagwe hayajaguswa,
akaketi, silabi moja akaondoka nayo.

Usiku nikapiga chapa kumbukumbu za mkutano.
Utaratibu ni kuandika: *Muda umekwisha.*
Kwa Haskamp niliandika. Kwa mwenye Biblia niliandika.
Kwa Ardith nikaacha kistari, kirefu, mpaka ukingoni mwa karatasi.
Afisa atadhani ni kosa la mashine.

Bango bado lipo uani. Kisima cha Haskamp bado kinashuka.
Ila siku hizi misumari naiona nikiwa jikoni,
na kwenye droo ya chini imo hati ya baba wa babu yangu,
ekari mia na sitini
kwa ada ya dola kumi na nane, na jasho lake.
Mwenye ardhi wa kabla yake hakuandikwa.
Droo sijaifungua.

Nangoja barua ya Washington kama wote,
na mdomo wangu, nikiosha vyombo,
unaijaribu ile silabi.