Tofauti ya Moja

Juu ya daraja la barabara ya kaunti,
saa kumi na moja alfajiri, Januari,
nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
nimesimama na kibonyezo mkononi
kama mtu aliyeshika tasbihi
asijue amwombe nani.
Klik. Gari. Klik. Gari.
Kusini mwa Minnesota kunaamka kwa taa:
nyeupe zanijia, nyekundu zanikimbia,
zote zaelekea Minneapolis, kazini.

Wakubwa wanataka tarakimu.
Reli ya zamani ipo, imelala chini ya theluji
nyuma ya maghala ya mahindi;
abiria wa mwisho alishuka kabla mama yangu hajazaliwa.
Ili irudishiwe watu, sharti nithibitishe kuwa watu wapo.
Basi nawahesabu wakiwa mbioni, maili sabini kwa saa.

Mpira mweusi uliolazwa juu ya lami unahesabu pia,
ila wenyewe unajua ekseli tu:
lori la batamzinga, ekseli tano,
kwake ni magari mawili na nusu.
Hiyo nusu inaendeshwa na nani?

Natoa malori. Natoa basi la shule.
Namtoa Lonnie Brekke wa kiwanda cha madirisha,
anachepuka hapo mbele tu, treni haimhusu.
Waliobaki nawazidisha kwa moja nukta moja,
maana magari kumi yana vichwa kumi na kimoja,
na huyo wa kumi na moja amelala, mdomo wazi, shavu kiooni.

Kisha swali lisilo na kibonyezo:
katika mia, wangapi wataacha usukani?
Kitabu cha kanuni kinasema wanane.
Mke wangu anasema watatu, na mmoja wao mwongo.
Naandika sita.
Ndiyo makadirio: kuchovya kidole mtoni
na kutangaza kina.

Saa kumi na mbili na robo, hatua kwenye theluji.
Merle Aandahl, fundi wa piano,
fimbo yake nyeupe ikipotea ndani ya weupe.
Tangu utotoni hajaona hata kiganja chake.
"Hiyo ya Kvamme," anasema, "bomba la moshi limetoboka.
Hiyo ya umeme, imepita kama uongo.
Na hiyo, breki zinalia nusu sauti juu ya inavyopasa."
Ana piano tatu za kurekebisha St. Paul,
na mpwa aliyeahidi kumpeleka hapokei simu.

"Unahesabu nini?"
"Wasafiri."
Akanyamaza. Magari kumi na manne yakapita, nikayabonyeza.
"Mimi nimo?"

Nikaitazama karatasi.
Magari madogo. Pikapu. Malori. Mengineyo.
Mengineyo ni pikipiki na trekta.
Hakuna safu ya aliyesimama.
Hakuna ya Bi Ardis, aliyenyang'anywa leseni akiwa na themanini na nne,
wala ya binti wa Haugen, aliyeikataa kazi ya hospitali
kwa kukosa pesa ya gari la kumfikisha.
Barabara huwataja walio juu yake.
Asiyekuwepo haachi alama ya tairi.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini hawakutuambia kibaba cha nani.

Klik.

Alhamisi, ukumbini, mhandisi wa jimbo
akapitisha kalamu kwenye hesabu zangu, taratibu,
kama anayetafuta mchanga kwenye mchele.
"Safu zako zinajumlika elfu nne mia mbili kumi na sita.
Kibonyezo kinasema kumi na saba."
"Baridi," nikamjibu. "Kidole kiliganda."
Akaikata ile moja kwa mstari mwembamba
na kuuliza kama kahawa imebaki.