Laki Tatu kwa Ajili ya Kidevu

Enosi alituma laki mbili kutoka Tunduma,
Perisi akaongeza moja, na ujumbe usio na salamu:
*Nunua brashi iliyo bora. Usiulize bei. Risiti siitaki.*
Sisi hao, watoto wa mtu aliyekata sabuni kwa uzi
ili mche mmoja ufike mwisho wa mwezi.

Basi Jumanne, upepo wa Julai ukipuliza vumbi
hadi meno yakisagana unasikia mchanga,
nikaingia duka la Bwana Jivraj, Uhindini,
mwanamke mwenye laki tatu na asiye na ndevu.

"Mumeo ana ngozi gani?"
"Si mume. Ni baba. Ngozi yake
ni karatasi ya kusokotea tumbaku,
ukiielekeza kwenye mwanga unasoma upande wa pili."
Hakucheka. Akatandika kitambaa cheusi juu ya kioo,
akazisimamisha moja moja,
kama mpiga picha anayepanga watoto wa ukoo.

Ya singa za nguruwe ilikuwa ngumu, nyofu,
haimfichi mtu tabia yake.
"Hii huanza kulainika baada ya miezi sita," akasema.
Nikanyamaza.
Miezi sita ni kipimo ambacho daktari pale General
hakukitaja, nami sikumwuliza.

Ya nailoni hukauka upesi, haina mnyama ndani yake.
Nikaipitisha shavuni. Laini, ndiyo,
lakini ulaini wa mtu anayekuchekea akitaka kura.

"Na hizi?"
"Nyegere."
"Huyu wetu, mwizi wa mizinga kule Kondoa?"
"Binamu yake wa nchi za baridi. Huyo ana adabu."
Zilikuwa mbili. Moja ya laki mbili na themanini,
mpini wa pembe uliong'aa kama kiatu cha bwana harusi,
mzito, unateleza, unapenda kutazamwa.
Nyingine mpini wa mpingo, mfupi, wenye kiuno,
mahali pa vidole kukaa bila kuambiwa.

Nikaomba maji ya moto. Akayamimina kutoka chupa ya chai,
yakanukia iliki. Nikaichovya ile ya mpingo,
nikaikung'uta, nikaikandamiza chini ya taya langu,
pale ambapo baba hujikata.
Ilikuwa na joto. Ilikaa na joto lake.
Unywele mmoja ukabaki kiganjani.
Nikamsubiri mwenzake. Hakuja.

Baba alikuwa mpima ardhi. Area D ikiwa bado miiba na digidigi,
alitundika kioo kwenye miguu mitatu ya chombo chake
akajinyoa kwa maji ya kibuyu cha jana,
na brashi iliyonyonyoka hadi ikabaki kama mkia wa punda mgonjwa.
Vibarua walipomcheka alisema,
"Mji unakuja. Usinikute na ndevu."
Mji ukaja. Ukampita.

Laki mbili na elfu kumi. Sikupunguziwa, sikuomba.
Chenji yote niliinunulia pampasi za watu wazima,
za bei ya kati.

Nyumbani, Kikuyu, nikakoroga povu kwenye bakuli la kachumbari
nikifuata maelekezo ya Jivraj: zungusha, usipondeponde,
maji kidogo, subiri, tena kidogo,
mpaka likasimama lenyewe kama maziwa yanayotaka kufurika.
Nikasogeza kiti dirishani.

Aliitaka kwanza.
Mkono wa kulia, ule ambao Februari haikuuchukua,
ukaigeuza polepole. Jicho moja likafumba,
kama analenga kigingi cha mbali.
"Bei gani?" Maneno yakiburuta mguu.
"Elfu kumi na tano, baba."

Akanitazama muda mrefu.
"Umeibiwa," akasema. "Majengo ni elfu tatu."

Kisha akainua kidevu.