Mara Saba

Elfu saba kwa makala, maneno mia sita,
na ndani yake, mara saba bila kupungua,
*fundi friji Dar es Salaam*,
yakae hivyo hivyo, yasitenganishwe,
chanda na pete, alisema Severini,
japo pete ile haikuingia
kwenye kidole cha sentensi yoyote.

Severini ni dalali wa maneno.
Ofisi yake iko Sinza, juu ya duka la rangi,
ana tovuti ishirini za watu ishirini
na mimi ni mkono wake wa usiku,
bando likishuka bei.

Niliandika: Je, friji lako linavuja maji?
Niliandika: Usihangaike tena, mpendwa mteja.
Kutoka chumba changu cha Mabibo niliandika
habari za kompresa ambayo sijawahi kuiona tumbo,
za gesi nisiyoijua harufu,
na za fundi mmoja, Mfaume wa Buguruni,
nisiyemjua sura.
"Weka na uzoefu," akasema Severini.
Miaka mingapi?
"Weka inayopendeza."
Nikaweka kumi na tano.
Kumi ni ya kila mtu. Ishirini inanuka uzee.

Nikaweka na ushuhuda. Mama Ndimbo wa Mbezi:
*Alifika ndani ya saa moja, sikuamini!*
Mama Ndimbo hayupo.
Nilimzaa saa nane usiku,
akashuhudia,
akafa kabla ya adhana.

Halafu Februari, lile joto la kulala sakafuni,
friji la mama likanyamaza.
Mama yuko Tandika, anauza barafu za ukwaju,
mifuko mia mbili kila siku ya shule.
Hakupiga kelele. Alifungua mlango,
akaingiza kiganja kama anayepima homa ya mtoto,
akaufunga polepole.
"Tafuta fundi. Si wewe ndiye mtu wa mtandao?"

Nikaandika kama anavyoandika mwenye shida,
bila koma, bila herufi kubwa,
fundi friji dar es salaam,
na pale juu kabisa nikajikuta mimi.
Nikasoma.
Wallahi nikaamini.
Hata Mama Ndimbo nilimwamini.
Nikapiga.

Saa tatu, siyo moja.
Alikuja kwa miguu kutoka kituoni, begi la bisibisi begani,
kijana ambaye ndevu zake
bado zinajadiliana kama zitoke.
Wewe ndiye Mfaume?
"Ndiye."
Wa miaka kumi na tano?
Akacheka kwa aibu, akiinama nyuma ya friji.
"Dada, hiyo hata mimi sijui ilitoka wapi.
Mimi nina minne. Kila nyumba naulizwa
nilianza kazi nikiwa darasa la ngapi.
Siku hizi najibu nilizaliwa na bisibisi."
Mama alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi nilikuwa nahesabu vigae.

Akabandika sikio. Akagonga mara mbili.
Akachomoa kidude kidogo kama kisoda,
akakinusa, akampa mama naye anuse.
"Rilei imeungua. Ukiambiwa gesi, umeibiwa."

Aya ya nne. Mimi. *Mara nyingi tatizo huwa ni gesi.*

Friji likakohoa, likatetemeka, likaanza kunguruma,
na mama akaligusa ubavuni
bila kusema neno.
Elfu kumi na nane, pamoja na nauli.

Usiku ule niliifungua makala.
Kumi na tano nikafuta, nikaandika minne.
Gesi nikafuta.
Mama Ndimbo nikamzika rasmi.
Mahali pake nikaandika: *Alichelewa.
Alimnusisha mama kilichoungua.*
Maneno mia sita yakabaki tisini na kitu,
na lile la Severini likabaki mara moja,
mwishoni, karibu na namba ya simu,
ambako, kusema kweli, halikumbana mtu.

Asubuhi akanijibu:
"Imetulia hii.
Zile sita ziko wapi?"