Dakika Kumi na Moja

Nakiri.
Sehemu ya tisa ya *Deni la Nalongo*
sikuimaliza.
Umeme wa Arua, mhariri asiyeomba radhi,
ulipitisha mkasi saa tatu na dakika arobaini na tisa:
Nalongo mkono juu ya komeo,
mimi kikombe cha chai katikati ya meza na mdomo.
Gazeti lilitaka maneno yangu kabla ya alfajiri.
Nikawasha mshumaa, nikaandika:
"Mwisho ni dhaifu. Mtunzi kauogopa mlango."

Mlango upi?
Niliuchonga mwenyewe, nikaufunga mwenyewe,
kisha nikamtukana seremala.

Mmeniandikia.
Barua kumi na nne, moja nyuma ya risiti ya saruji.
Ezaruku wa Mvara, mwenye jenereta:
"Bwana mkosoaji, mlango ulifunguliwa, wazi kabisa.
Ulikuwa umesinzia?"
Mwalimu Anguzu, kurasa sita, wino mwekundu,
kanisahihishia hata nukta.
Na Bi Zamzamu wa mtaa wa Tanganyika:
"Kwangu pia umeme ulikatika.
Ila mimi sikuandika gazetini."
Hiyo ndiyo iliyopenya. Fupi kama sindano
na kama sindano, ilinikuta nimekaa.

Lakini hebu sikieni, ninyi mlioachwa gizani pamoja nami.
Nilizisoma barua zenu mara mbili.
Mmoja anaapa Nalongo aliliachia komeo,
akarudi jikoni, akala enyasa iliyolala, akajifunika.
Fundi baiskeli wa Ediofe anasema nyuma ya mlango
palikuwa na mlango mwingine, na mdai amekaa baina.
Muuguzi wa zamu ya usiku, hakutia jina,
anasema alikuwepo yule pacha aliyezikwa,
amekua, ana ndevu,
anauliza kwa nini nguo zake zote ni ndogo.

Nilikaa na hilo muda mrefu.
Mshumaa ulikwisha, sikuwasha mwingine.

Na wewe Candiru, wa miaka kumi na mmoja,
mwezi uliopita uliniuliza kuhusu katuni ya *Kapteni Enyau*:
mwisho wa ukurasa yuko juu ya mwembe, mkavu;
ukurasa wa pili yuko mtoni, kaloa hadi kofia.
Nani alimwangusha?
Nikakujibu kwa sauti ya kidevu juu:
mchoraji mvivu, karuka visanduku viwili.
Jibu lako limefika jana, kwa penseli, herufi zimeinama kulia:
"Nimeshajua. Ni mimi.
Nilikuwa nageuza ukurasa."

Miaka tisa nakosoa katuni na tamthilia.
Nimehesabu vidole vya mashujaa, nikakuta sita.
Nimekamata saa ya mkononi katika hadithi ya zama za mikuki.
Ile nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku
nilidhani ni karatasi iliyobaki.

Jumamosi nilikwenda kwa Ezaruku,
petroli nimenunua mimi, ndiyo faini aliyonitoza.
Jenereta linakohoa uani, kuku wamekasirika,
nikatazama dakika zangu kumi na moja.
Mlango ulifunguka.
Kusema kweli, mwisho ni dhaifu:
muziki mwingi, machozi ya kupakwa,
na mtu anaeleza kila kitu akiwa amesimama.
Ezaruku alinitazama nione kama nitacheka.
Sikucheka. Nilirusha jiwe gizani, likampata mtu;
hilo halinifanyi mlenga shabaha.

Basi naifuta hukumu yangu ya wiki jana,
ingawa ilikuwa sahihi.

Bi Zamzamu, najua bado hujauona mlango ule.
Jenereta lipo, Ezaruku ni mkarimu akishalipwa.
Usiende kwanza.
Kaa na mkono wa Nalongo juu ya komeo,
niandikie unachokiona.