Uzi wa Mia Tatu na Kumi na Tatu

Saa tisa na nusu usiku, Dundee.
Redieta inagonga mara tatu kisha inanyamaza,
kama mgeni aliyegundua amekosea mlango.
Fomu ya kujitoa iko wazi mbele yangu tangu magharibi.
Jina: Zamda Shemweta. Mwaka: wa nne.
Sababu: maneno yasizidi hamsini.

Hamsini!
Mimi niliyejaza kurasa mia na themanini
kuhusu singa ya mkonge ndani ya zege,
inavyoshika, inavyoachia,
nashindwa na kisanduku.

Nimeandika "sababu za kifamilia", nikafuta.
Familia haina kosa.
Shangazi Mwanjaa ananiita daktari tangu siku ya uwanja wa ndege;
juzi kanipigia kuulizia dawa ya goti.
Shangazi, mimi ni wa zege.
Zege, goti, si vyote vigumu? Hebu nitafutie.

Nimeandika "afya", nikafuta.
Kisha nikaandika ukweli:
walikosea mtu. Kuna Zamda mwingine, mwenye akili,
barua ile ilikuwa yake,
na mpaka leo yuko Muheza anasubiri posta.
Huo nao nikaufuta. Maneno kumi na manane tu,
na yalinikaa vizuri mno.

Profesa Gourlay ni mpole, na hapo ndipo penye mtihani.
Sura ya tano aliisoma, akavua miwani, akasema: "Inavutia."
Miaka minne nimejifunza lugha ya watu hawa:
"si mbaya" ni jua, "inavutia" ni mvua,
na siku wakisema "labda tufikirie upya"
tafuta mwavuli, tafuta na sanduku.
Wiki iliyopita alisema labda tufikirie upya.

Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.
Aliyesema hivyo hakuyaona ya mto Tay mwezi wa pili.
Nimeyavulia nguo, naam,
nimesimama ukingoni meno yakigongana,
na sijui ushujaa ni kuingia
au ni kuinama, kuokota nguo zangu moja moja
watu wakitazama.

Kando ya daraja la treni
visiki vya lile lililoanguka vingali majini.
Hawakuving'oa. Treni inapita jirani, abiria wanakunywa chai.
Nilipofika niliona aibu kwa niaba yao,
kuacha kosa nje namna ile.
Siku hizi kila nikipita nahesabu.
Sijawahi kupata idadi moja mara mbili.

Baba alilisha korona miaka kumi na tisa
(korona ya mkonge, kabla jina halijaharibiwa),
akirudi utomvu umemkaukia hadi kwenye kope.
Nilipomwambia nakwenda kusomea singa
alicheka mpaka akakaa chini.
"Inasomewa?"
Sikumjibu vizuri siku ile.
Ningempigia sasa, huko kumeshakucha, anapiga mswaki;
ila ataniambia, rudi tu mwanangu,
kwa sauti ile,
na nitarudi kweli.

Saa tatu asubuhi mashine ya kuvuta ni zamu yangu.
Callum wa maabara ameibandika karatasi ya njano:
"Zamda, ule mmoja uliosalia."
Mia tatu na kumi na mbili nimezivuta zote hadi zikakatika.
Hakuna njia nyingine ya kujua uzi una nguvu kiasi gani,
na ukishajua, huna uzi.
Hilo sikuliweka kwenye sura ya tano.

Fomu sijaituma. Sijaifunga pia.
Kwenye sababu nimeandika:
kuna uzi mmoja bado.
Maneno manne.
Yamebaki arobaini na sita.