Wimbo wa Nne, Dakika ya Pili

Mimi huchana nywele, ndugu yangu huchana mistari.
Jiko langu liko juu, studio yake iko chini,
kati yetu mbao, na mbao hazitunzi siri.
Milwaukee, Januari. Theluji imefika dirishani.
Akigonga bomba mara mbili kwa bisibisi
maana yake: Renita, usitembee.
Basi nasimama na kitana hewani,
na Bi Ouida Pettway, nusu ya kichwa imesukwa,
nusu imesimama kama iliyopata habari mbaya,
anabana pumzi utadhani yeye ndiye anayerekodiwa.

Huko chini Cortland ni watu saba.
Ndiye mwenye ngoma, ndiye mwenye besi,
ndiye anayebonyeza kitufe na kutimua mbio
hadi kabatini, katikati ya makoti ya marehemu baba,
awahi kabla mdundo haujamwacha.
Ndiye anayesema, "Rudia."
Ndiye anayejibu, "Mara ngapi, bwana?"
Nimewasikia wakigombana, yeye na yeye,
saa nane za usiku,
na asubuhi hawasemeshani.

Kampuni moja ya Chicago ilimwandikia barua.
Walitaka sauti, hawakutaka midundo.
Ya midundo tuna vijana wetu, walisema.
Aliisoma kasimama, viatu vya kiwandani miguuni,
akaikunja mara nne, akaisokomeza
chini ya mguu wa meza iliyoyumba tangu mama ahame.
Meza ikatulia.
Nikamwambia, mkono mmoja haulei mwana.
Akasema, "Huyu hataki kulelewa. Anataka kusikilizwa."

Shida ilikuwa tanuri.
Lile dude la kupasha nyumba joto, rika langu,
huamka likitaka, huguna, hukohoa,
kisha hushika noti moja nene, isiyokoma.
Alilizima: tukalala na kofia,
maji yakaganda bombani, rangi ya nywele chupani.
Akalifunika godoro: likatoa harufu ya kuungua.
Mwezi wa tatu akaketi mbele yake, kinanda mapajani,
akaitafuta ile noti kidole kwa kidole,
kama mtu anayepapasa swichi katika nyumba ya ugenini.
Akaipata.
Akazishusha besi zote, nyimbo kumi na moja,
zikaketi pale pale lilipoketi tanuri.

Kanda mia mbili. Makasha niliyakunja mimi;
mpaka leo yananukia mafuta ya nazi.
Nyuma yameandikwa: Mashairi, Cortland Mabry.
Midundo, Cortland Mabry.
Uchanganyaji, picha, makosa, Cortland Mabry.
Nikasoma, nikanyamaza.
Miaka miwili ya kusimama kama nguzo
haikupata hata nukta.

Hamsini na tisa zilinunuliwa.
Moja aliichukua mzee Wojtak, fundi,
ambaye gari lake bado linakula kanda.
Akapiga simu Jumapili. Hakutaja mashairi.
"Wimbo wa nne," akasema, "kuna feni inalia.
Mkanda umelegea. Siku moja utawaunguza."
Akaja, akalala chali, akafunga, akakaza,
akakataa pesa, akaomba kanda ya pili
kwa ajili ya mkwewe.

Sasa nyumba ina joto na iko kimya.
Cortland anashuka, anapanda, anafungua friji, anaifunga.
Besi mpya hazina pa kuketi.

Mimi, wateja wakiondoka, naweka ile ya nne.
Dakika ya pili Bi Ouida anapiga chafya,
mbali, kama mtu wa ng'ambo ya mtaa,
halafu hatua tatu: nilikuwa nakimbilia kitambaa.
Ta. Ta-ta. Zimeangukia ndani ya mdundo
kana kwamba nilihesabiwa.
Nilimuuliza kwa nini hakuzifuta.
"Nyayo zipi?" akasema. "Ile ni ngoma yangu."

Nairudisha nyuma kwa kalamu.
Chini ya miguu yangu tanuri bado ni gonjwa,
bado linaguna, na mimi sijasimama.