Mziba Matundu

Mimi sijawahi kufyatua.
Miaka kumi na tisa nimekaa upande huu wa risasi,
ndani ya handaki, mgongo kwenye udongo wa Ukinga,
ubao wa shabaha juu ya utosi wangu.

Kazi yangu ni gundi na karatasi.
Gundi ni uji wa ngano; Mama Tuntufye huupika jioni
katika sufuria lenye ufa, lisilopikia tena mboga.
"Unga wangu," husema, "unaliwa na matundu."

Kuruta hudhani risasi hulia mara moja.
Na akae hapa nilipo.
Kwanza mjeledi hewani, na karatasi imeshatoboka;
halafu, umevuta pumzi nusu,
ngoma ya mtutu inafika kutoka mita mia tisa,
imechelewa, kama mgeni anayepiga hodi
naye keshaketi sebuleni.

Alhamisi ile walileta bunduki mpya, ndefu,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa,
na Kapteni Kihwelo na daftari lake la hesabu
lililoandikwa Pwani, kwenye joto.
Risasi tano zikapita juu ya ubao.
Nikapunga bendera: hakuna. Hakuna. Hakuna.
Redioni akailaumu lenzi, akamlaumu mtunza ghala,
akakilaumu kiwanda na nchi kilipo.
Hewa ya huku ni nyepesi, afande.
Haiishiki risasi mkono kama ya Pwani,
inaiachia ipite.
Nilijua hilo. Lakini cheo changu ni gundi.

Kisha akalala Koplo Subilaga,
mtoto wa Tukuyu, aliyekua akiisoma mvua kabla haijanyesha.
Kwenye kioo cha handaki alikuwa kitone tu majanini.
Akaizungusha darubini, mibofyo kumi na mmoja kushuka,
akafyatua.
Kulia. Upana wa kiganja nje ya duara.

Basi akanyamaza.
Dakika moja. Tatu. Saba.
Kapteni akauliza kama koplo amepitiwa na usingizi.

Huku kwangu bendera ilining'inia kama kitambaa cha jikoni;
kule kwao, naambiwa, moshi wa jiko ulipanda wima.
Lakini kati yetu kuna bonde,
na bondeni kuna shamba la pareto la akina Tweve,
na pareto yote ilikuwa imeinama kuelekea Njombe
kama waumini.

Alikuwa anaisoma.
Nilijua, maana nami nilikuwa ninaisoma,
watu wawili wasiojuana, kitabu kimoja.

Pareto ikainuka. Ua mojamoja, kisha shamba zima.

Mjeledi.
Ngoma.

Sikuhitaji kutazama. Nikatazama.
Katikati. Na ya pili ikaung'ata ukingo wa ya kwanza,
na ya tatu ikaingia kama iliyoitwa kwa jina.
Redioni watu wazima walipiga vigelegele.

Jioni akashuka mwenyewe handakini,
viwiko vimelowa, midomo imepasuka kwa baridi.
Hakuuliza alama.
Akatia ncha ya kidole cha mwisho katika tundu
akakiacha humo, muda mrefu kuliko wa furaha.
"Ubao huu una kimo gani?"
"Cha mtu," nikasema.
Ndivyo seremala alivyoagizwa: kichwa, mabega,
na duara mahali pa moyo.

Upepo wa bonde ukaanza kupiga mluzi matunduni.

Akaniomba brashi.
Akapaka gundi, akalaza karatasi,
akailainisha kwa gumba kutoka katikati kwenda pembeni
kama afungaye kidonda asichotaka kukiamsha.
"Inanukia uji," akasema.
"Ni uji," nikamjibu.

Usiku nilimsimulia Mama Tuntufye yote,
hesabu za Pwani, pareto, kidole.
Hakusema neno.
Aliongeza kijiko cha unga,
akakoroga.